Motokari ya Tonton na Mafuta ya Masuwa

Mwanangu, naweza kusahau jina la jirani yangu, naweza kutafuta miwani nyumba nzima kumbe nimeivaa, lakini kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Ni siku niliyosimama katikati ya garaji moja ya Kabondo, mbele ya watu, nikasomeshwa kitabu na mzee asiyejua kusoma hata herufi moja.

Jana uliniletea motokari yako mpya niione. Niliizunguka, nikaisifu, na moyo wangu ulifurahi kweli. Kisha ukaniuliza, "Papa, niweke mafuta gani ya moteri? Rafiki ananiambia hili, muuzaji ananiambia lile." Mimi nikanyamaza. Ukadhani uzee umeniziba masikio. Hapana, bwana! Nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Kisangani, wakati nchi ikiitwa Zaire na chama ni kimoja, wakati sote tuliitana citoyen, yaani raia, na Jumamosi asubuhi tukitoka na majembe kufyeka majani ya barabara, ile kazi ya salongo, upende usipende. Kaa basi. Jibu lako lipo, ila linapitia mbali kidogo.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nikiishi katika commune ya Kisangani kwa Tonton Lokwa, mjomba wangu, mdogo wake mama yangu. Tonton alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge. Alianza na mtumbwi mmoja wa samaki wa kukaushwa, akaenda hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, hasemi sana, hanywi sana, mpaka siku ilipofika masuwa, meli ya mto, kutoka Kinshasa na kushusha motokari yake bandarini. Mpya! Ndogo, ya rangi ya samawati, viti vyake vimevikwa plastiki ya kiwandani. Mtaa mzima ulitoka kuitazama. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na permis ya kuendesha, tena nimesoma secondaire miaka minne, Tonton aliniwekea funguo mkononi mbele ya wote. Usiniulize usiku ule nililala vipi.

Lakini Tonton hakuinunua ili atambe. Mama yake, yaani bibi yangu, Koko Bolumbu, alikuwa Yanonge. Dada yake wa pekee, Koko Ifaso, alikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto ukitazama kutoka mjini, ila upande uleule wa Yanonge. Wazee wawili wa tumbo moja, na walikuwa hawajaonana miaka saba. Ifaso miguu ilikuwa imekufa. Bolumbu naye, tangu mume wake achukuliwe na maji, aliapa kwamba mguu wake hautaingia tena ndani ya mtumbwi. Ikabaki barabara, na kwenye barabara ile malori yalibeba watu juu ya magunia ya mchele. Mzee wa umri ule utampandishaje huko juu? Zamani za nguvu zake aliitembea njia hiyo kwa miguu, na kikapu cha samaki kichwani. Tonton aliniambia siku tuliyoileta motokari nyumbani, akijigusa utosi:

"Mama alitembea hii njia mpaka nywele ya hapa katikati ikakataa kuota. Mara hii atakaa. Unasikia, Lokombe? Atakaa."

Nilisikia. Nilisikia kwa masikio tu, maana kichwa changu kilikuwa kwenye ile rangi ya samawati. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kipya kilinilevya.

Lazima nikueleze desturi yetu moja, usije ukanicheka bure. Wakati ule kitu kipya hakivuliwi plastiki yake. Mtu akinunua godoro, analalia plastiki, anageuka usiku nyumba nzima inasikia. Redio inaimba ikiwa imefungwa kama mgonjwa. Kuitoa plastiki ilikuwa kama kutangaza kwamba kitu chako kimezeeka. Basi katika kile kisanduku cha mbele cha motokari kulikuwa na kitabu chake, kitabu cha maelezo kilichotoka nayo kiwandani, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Nilikuwa nakifungua kisanduku makusudi ili abiria wakione. "Unaona?" nawaambia. "Hata kitabu chake hakijaguswa!" Nao wanatikisa kichwa kwa heshima. Mjinga mimi, nilijivunia kutosoma.

Sasa, motokari mpya ina mafuta yake ya kwanza, na muuzaji alituambia ikishatembea kilometa elfu moja tuyamwage, tuweke mengine. Zikatimia. Na Jumamosi hiyohiyo, baada ya salongo, akaja rafiki yangu Sefu. Sefu alikuwa akifanya kazi chini kabisa ndani ya masuwa, kwenye moteri zake. Kwetu kitu kipya lazima kinyweshwe: marafiki wanakuja, chupa zinafunguliwa, kidogo kinamwagwa chini, kitu kinapata baraka. Wengine walikwisha kunywa. Sefu akaja na bidon begani, anatoka jasho.

"Wenzako walileta bière yako," alisema huku anacheka. "Miye naleta bière ya motokari yenyewe!"

Yalikuwa mafuta ya moteri ya masuwa, mazito, meusi yenye ukijani. "Hii njo inasukuma masuwa na mizigo yote toka Kinshasa mpaka hapa, kupanda mto, majuma mbili," Sefu alisema. "Sasa tia ndani ya hii kamotokari yako. Itakuwa mwanaume!"

Nani angekataa? Ukipewa chakula cha jitu ukampe mtoto wako, si atakua jitu? Ndivyo nilivyofikiri, na hakuna mtu uani aliyefikiri vingine. Nikamwaga mafuta ya kiwandani, nikamimina ya masuwa. Yalishuka polepole kama asali, na majirani wakaguna kwa kustaajabu. Mmoja alisema, "Hayo ndiyo mafuta ya nguvu." Nikajiona mekanisiani.

Siku ya pili asubuhi moteri iligoma kidogo kuwaka, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Siku ya tatu ile taa nyekundu ya mafuta ilikawia kuzimika. Ikaanza na mlio, ta-ta-ta-ta, kila asubuhi, hapo juu kwenye kichwa cha moteri, kisha ikipata moto inanyamaza. Nikauliza kwenye parking ya taksi. Wakaniambia, "Eh, inatoka utoto hiyo, inavunja sauti." Jibu hilo nililipenda. Mwanangu, jibu unalolipenda upesi ulitilie shaka.

Siku ya kumi na tatu, Alhamisi, Tonton alinikuta naosha vioo. "Jumapili asubuhi tunavuka mto na bac, tunaenda kumuchukua mama," alisema. "Nilishatuma neno Yanonge. Na Koko Ifaso nilimwambia, anapika tangu jana, sijui anapika nini. Bon. Mbele ya kwenda, peleka motokari kwa Papa Ramazani aiangalie."

Papa Ramazani nilimjua. Alikuwa mtu wa Maniema, mzee mfupi, kofia yake nyeupe haikuwa na doa hata siku moja, ingawa alishinda chini ya magari. Kila mtu alimsifu. Lakini mimi nilijua pia kwamba hasomi, na nilikuwa nimesema kwenye parking, kwa mdomo wangu huu, kwamba motokari ya kisasa haiwezi kupelekwa kwa mtu anayetia dole gumba badala ya jina. Sasa ndiyo natumwa kwake. Nilikwenda lakini nilikwenda nimenuna.

Nilipofika alikuwa anakula. Mke wake, Mama Asha, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ametoka darasani na kumletea wali na samaki, kama kila siku. Garaji ilikuwa na watu watano sita wanaosubiri zamu. Papa Ramazani hakuniuliza kitu. Alimaliza, akanawa, akaja akasema, "Washa." Nikawasha. Ta-ta-ta-ta. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto anakohoa. "Zima."

Akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta, akakiinua juu ya kiganja chake. Sote tukangoja tone lidondoke. Likakataa. Likaning'inia pale mpaka mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Mzee akalichukua kwa kidole, akalisugua, akalinusa.

"Hii ni mafuta ya masuwa," alisema.

"Papa umejuaje?"

"Nilioga hii mafuta miaka tisa, kwa shantiye, pale wanatengeneza masuwa, wewe haujazaliwa." Akajifuta mkono. "Kitabu iko wapi?"

Nikafungua kisanduku, nikampa kitabu ndani ya plastiki yake. Akakigeuza huku na huku.

"Ju ya nini imefungwa?"

"Ili ibaki mupya, papa."

Watu walicheka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoanza kumwona mtu huyu alivyo, maana Mama Asha aliinuka kwenye kiti chake, akafuta mikono kwenye kitenge, akanyoosha mkono kukipokea kitabu kama jambo la kawaida kabisa. Na kwao lilikuwa la kawaida. Kila aina mpya ya gari ikiingia garaji ile, kazi haikuanza kwa spana. Ilianza kwa kunawa. Papa Ramazani alinawa mikono mpaka kiwiko, akaketi juu ya kasha, mkewe akaketi mbele yake na kumsomea kitabu cha gari lile, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na ole wake atakayepiga kelele! Akisikia mara mbili, hakisahau tena. Alikuwa na vitabu vizima kichwani mwake. Mafundi waliosoma walikwenda kumuuliza namba, naye anawajibu huku macho yake yamefumbwa. "Mama Asha njo macho yangu ya karatasi," alikuwa akisema, bila aibu yoyote, mbele ya mtu yeyote. Mtu wa sifa kama zile! Mimi nimekutana na wakubwa wengi katika maisha yangu, wenye abacost, zile suti za wakubwa wa chama, zilizopigwa pasi na viti vya kuzunguka, lakini ukubwa wa namna ile, wa mtu kujua kazi miaka thelathini na bado anakaa chini kusomewa kama mwanafunzi, sijauona tena.

Siku ile lakini alimzuia mkewe. "Hapana, Mama Asha. Leo asome yeye. Wewe, ulisoma miaka ngapi?"

"Secondaire, papa. Miaka ine."

"Miye hata siku moja. Alors, nawa mikono."

Nikanawa. Nikaipasua plastiki. Mlio wake wa kupasuka bado nausikia. Nikatafuta ukurasa, nikasoma kwa sauti: mafuta ya moteri, kwa nchi zenye joto la kadiri hii mpaka hii, namba kumi W thelathini. Na chini yake herufi mbili za kuonyesha aina, ya kwanza ikiwa S.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Tena."

Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imeingia tumboni. Niliona aibu, mwanangu, sikufichi. Si aibu ya kuchekwa. Aibu ya kwamba jibu lilikuwa limekaa mbele ya magoti yangu siku zote hizo, kwa lugha ninayoijua, nami nilikuwa nikiwaonyesha watu plastiki.

Nikafanya wanavyofanya waoga. "Ni Sefu, papa. Sefu njo alinidanganya."

Hapo ndipo alipopandisha sauti, mara moja tu. "Usimutie mwenzako ubaya! Mafuta ya Sefu ni muzuri kabisa. Kwa masuwa!" Kisha akashuka tena, akanieleza taratibu, huku anachora kwa kidole kwenye vumbi la kapo, kile kifuniko cha moteri. Moteri ya masuwa ni kubwa, inazunguka polepole, tena inakula mazutu, yaani dizeli, ikishawashwa inaweza kwenda usiku na mchana bila kuzimwa. Yangu ni ndogo, inakula essence, yaani petroli, inazunguka mbio, inazimwa na kuwashwa mara kumi kwa siku. Nafasi kati ya chuma na chuma humo ndani ni nyembamba kuliko unywele. Asubuhi ikiwashwa, mafuta yanatakiwa yapande juu mara moja. Yakiwa mazito yanajikokota, na wakati yanajikokota chuma kinasuguana na chuma kikavu.

"Ile ta-ta-ta ni chuma inalia kiu," alisema. "Tumbo imejaa, lakini yeye ana kiu. Ile namba ya kwanza, kumi, inasema mafuta itakuwa namna gani asubuhi wakati moteri iko baridi. Ya pili inasema itakuwa namna gani wakati iko moto. Na ile S ni ya essence. Ukiona C mbele, ni ya mazutu. Wagenia, wavuvi wa hapa kwetu, wanajua mutego gani ya maji gani. Weye unatia mutego ya maji makubwa ndani ya kijito, na unasema samaki ni baya!"

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika shuleni mara ngapi, tena kwa mwandiko mzuri.

Tukayamwaga mafuta yakiwa bado na moto. Mzee akayapitisha katika kitambaa cheupe, akakipeleka juani. Nikaona chembe ndogo ndogo zinametameta. Nilimwona Koko Bolumbu amekaa mlangoni Yanonge, amevaa kitenge chake cha kanisa, anangoja. Nikauliza, "Imekufa, papa?"

Alikikunja kitambaa. "Umeijeruhi. Haujaiua bado. Ungeenda Yanonge nayo vile, ungerudi na miguu."

Akabadilisha kichujio, kisha akaenda nyuma akaleta bidon mbili ambazo hazijafunguliwa. Hakuzifungua. Akaniwekea kitabu upande huu na bidon upande huu. "Soma bidon. Soma kitabu. Ni sawa?"

Nikatazama ya kwanza: kumi W thelathini. "Ni sawa, papa!"

"Umemaliza kusoma?"

Nikarudia. Namba zilikuwa sawasawa, lakini herufi chini ilianza na C. Nilikuwa nimekwisha kukishika kifuniko. Nikaiweka bidon chini polepole. Ya pili ilikuwa na namba zilezile, na S, na herufi iliyofuata ni ileile ya kitabu. "Hii," nikasema. Ndipo akaniachia nifungue. Mama Asha, kule kwenye kiti chake, akapiga makofi mawili kama anavyofanya darasani mtoto akipata hesabu.

Nilimwomba neno moja kabla ya kuondoka. Nilimwomba asimwambie Tonton.

"Miye sina kinywa ya kumwambia tonton yako," alijibu. "Weye njo uko na kinywa."

Nilizunguka mji mzima kabla ya kufika nyumbani. Nilimkuta Tonton anafunga zawadi za mama yake: chumvi, sabuni, blanketi. Nikamwambia yote, kuanzia bidon ya Sefu mpaka kitambaa cheupe. Hakunikatiza. Nilitegemea aninyang'anye funguo. Alifunga kamba ya mzigo, akaifungua, akaifunga tena. Mwishoni aliuliza jambo moja tu: "Mama atafika?"

"Papa Ramazani amesema atafika."

"Basi utamuendesha wewe. Ju weye sasa unajua."

Jumapili tulivuka na bac, kile kivuko cha magari, mapema. Motokari iliwaka vizuri, ingawa ile ta-ta-ta haikuisha kabisa. Ilibaki kidogo, sauti nne tano za asubuhi kisha basi, kama kovu. Ilibaki nayo maisha yake yote, na Tonton kila alipoisikia, miaka na miaka, alikuwa ananitazama na kusema, "Lokombe, inakusalimia." Hakuwahi kunipa adhabu nyingine.

Yanonge walitoka wote. Koko Bolumbu alikuwa amekaa mlangoni, kitenge cha kanisa, vilevile nilivyomwona. Akaizunguka motokari kwa fimbo yake, akaigusa kama anavyogusa mbuzi wa kununua. Watoto wanapiga kelele, vijana wananiuliza inakimbia kiasi gani. Yeye aliniuliza neno moja.

"Inakula nini?"

Mwanangu, sikia swali hilo. Mwanamke huyu hakuona shule kwa macho, na swali lake la kwanza ndilo lile ambalo mimi wa secondaire sikuliuliza. Kwake halikuwa na hekima yoyote. Mgeni akija, kuku akiletwa, mtoto wa mwenzio akiachwa kwako, unauliza anakula nini, ndipo unampokea. Basi nikamjibu pale mbele ya wote, kwa moyo, namba na herufi zote, kama sala. Hakuelewa hata neno. Akasema, "Ni vizuri unajua," akaingia.

Tena hakuingia sawasawa! Alipokalia ile plastiki ya kiti, jua la saa tano limeipiga, aliruka. "Mnaniketisha juu ya sufuria?" Tonton akacheka mpaka machozi, akatoa kisu, na tukaivua plastiki yote pale pale, mbele na nyuma, na watoto wakaondoka nayo wakijifunika.

Njia nzima alishika mlango kwa mikono miwili, anataja majina ya vijiji kwa zamu: hapa nilipumzika, hapa nilinyeshewa, hapa karibu nimzae mama yako njiani. Motokari haikukohoa hata mara moja. Tulipofika Lubunga, Koko Ifaso alikuwa ametolewa nje kwenye kiti. Hawakupiga kelele kama nilivyofikiri. Bolumbu alienda akaketi chini karibu naye, akaitwaa ile miguu iliyokufa, akaiweka mapajani mwake, akaanza kuikanda. Walikaa hivyo, wanaongea kwa sauti ya chini, chakula kikapoa. Tonton alisimama nyuma ya nyumba peke yake, anajifanya anatazama tairi.

Niliwatazama wale wazee, nikakumbuka kidole changu juu ya kifuniko cha bidon ile ya C. Nikaogopa upya.

Jumatatu nilirudi Kabondo kumshukuru Papa Ramazani. Nilimkuta amenawa, ameketi juu ya kasha lake, anasomewa kitabu cha lori jipya la mtu. Alinionyesha kwa mkono nikae nisikilize. Nikakaa. Nilikaa naye miaka sita, na kila alichoniachia ndicho kilichokulisha na kukusomesha wewe. Mungu amrehemu yeye na Mama Asha, maana kwangu hao wawili ni mtu mmoja.

Sasa nirudi kwako. Jana, ulipofungua kile kisanduku cha mbele kunionyesha taa yake ndani, nilikiona kitabu chako. Kiko ndani ya plastiki, mwanangu. Hujakifungua. Ndiyo maana nilinyamaza.

Unaniuliza mafuta gani. Mimi sijui, na miaka yangu yote ya garaji hainipi ruhusa ya kukisia. Nenda kanawe, kipasue, usome namba, usome na herufi, usome mpaka mwisho wa mstari, kisha usome bidon kabla ya kugusa kifuniko. Usitazame uzito wala sifa ya kile kilichosukuma masuwa ya mwingine. Na si motokari tu. Mke utakayeoa, kazi utakayopewa, mtoto utakayemzaa, kabla hujawaonyesha watu jinsi anavyong'aa, uliza swali la Koko Bolumbu: anakula nini? Ukikosea, kosa liite lako, usimtwishe Sefu wako. Na ukikutana na mtu anayejua kuliko wewe lakini hasomi, vua kofia.

Nakuombea, mwanangu. Mungu akupe macho ya kusoma na masikio ya kusomewa. Njia zako ziwe na mtu wa kumfikisha na mtu wa kukungoja. Na kila asubuhi utakapowasha hiyo motokari yako, iwake kimya, isikusalimie.